Ukuta wa Kashovu

Mpofi, tarehe 9 mwezi wa sita 1963

Kaka yangu mupenzi Benoît,

Mimi mudogo yako Emérence ninakusalimia, pamoja na bwana yangu Léopold na watoto wetu. Uko muzima? Bibi yako Céline iko muzima? Yule mutoto aliyekuwa anakohoa, kifua kilifunguka? Sisi huku tunapumua, tunamushukuru Mungu, lakini nisipokuambia shida yetu haraka nitakuwa ninakudanganya.

Kaka, munafanya nini na maji kule juu?

Tangu jua lianze kuwaka, muto Luvuma iko chumvi. Mwanzo watu walifurahi. Wamama walichota maji, wakachemusha mpaka ikakauka, wakakuta chumvi nyeupe chini ya chungu, wakasema sasa hatutanunua tena kwa wachuuzi. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinakimbilia porini na tumbo. Nilicheka, na mimi pia nilikimbia. Sasa hakuna anayecheka. Samaki wanaelea tumbo juu. Muhogo tunayolowesha mutoni inakataa kulainika, inaoza tu na kunuka. Bustani za kando ya maji zimeungua majani kama vile muntu alipitisha moto. Mutoto wetu Colette anaharisha, macho yamemuingia ndani.

Watu wanasema: "Ni wale wa milima. Wanataka tufe, wakuje kuchukua pori yetu." Na mimi ni mutoto wa milima, unajua. Juzi mutoni Mama Adelaïde, jirani tuliyekuwa tunatwanga naye pamoja, alinimwagia maji usoni akasema: "Kunywa, ni ya kwenu." Nilimurudishia maneno. Akanipiga kofi, tukashikana, tukaanguka ndani ya maji. Wamama wengine walisimama tu kutuangalia. Jino langu moja linatikisika mpaka leo.

Na Léopold? Unamujua, muwindaji, maneno yake ni machache. Lakini jana alinoa mukuki wake kutwa nzima. Nikamuuliza: "Unaenda kuwinda nini?" Akajibu: "Muulize kaka yako."

Basi ninakuuliza. Barua hii ninaipa Paul, yule wenu anayeleta maharagi sokoni kwetu. Unijibu kupitia yeye.

Mudogo yako,
Emérence


Kashovu, Masisi, tarehe 2 mwezi wa saba 1963

Emérence mudogo yangu,

Pokea salamu za kaka yako, za Céline, na za watoto. Kifua cha mutoto kilipona, asante kwa kuuliza. Colette anaendelea namna gani? Umupe maji ya muchele na asinywe kabisa ile ya muto. Jino lako limeniuma mimi pia.

Sitakuficha: chumvi inatoka kwetu. Unakumbuka ile maji moto inayotoka chini ya jiwe, pale tulipokuwa tunaoga tukiwa wadogo? Muzungu wa shamba aliipitisha mbali na mimea yake. Alipokwenda, sisi tukagawana shamba, tukaona ni ujinga kuacha maji ipotee wakati wa jua. Tukachimba mifereji, tukaielekeza kwenye mashamba. Mwaka wa kwanza kabichi zilikuwa kubwa kama kichwa cha ng'ombe, zilikwenda mpaka Goma. Mwaka uliofuata udongo ukaanza kuwa mweupe. Kumbe ile maji imebeba chumvi: jua likiikausha, chumvi inabaki. Basi tunafungulia maji mingi ya baridi ili kuosha udongo, na chumvi yote inashuka Luvuma. Inashuka kwenu. Sisi tuliangalia kabichi tu.

Sasa sikiliza habari nzuri. Leta, serikali yetu mupya, imetutumia agronome, fundi wa kilimo, kijana anaitwa Séraphin. Alionja maji ya mufereji wangu mbele ya watu wote, akatema, akasema: "Leta haikuje kuwafukuza. Inakuja kuwasaidia." Atakayekubali kufunga mufereji wake wa maji moto atapewa jembe na mbegu mupya. Na Leta italeta simenti na mabomba, ili ile maji moto tuipeleke ndani ya shimo la mawe nyuma ya mulima, isifike tena mutoni. Kwa kulima tutatumia maji baridi ya mulimani, kidogo kidogo, asubuhi na jioni.

Faustin, kapita wetu, musimamizi wa kijiji, njo yeye mwenye mashamba yote ya chini. Alicheka: "Kidogo kidogo? Kabichi haijui kidogo kidogo." Lakini wengi walikubali. Mimi nilinyosha mukono wa kwanza.

Umuambie Léopold na baba yake, Papa Nestor, wavumilie. Simenti iko njiani.

Kaka yako,
Benoît


Mpofi, tarehe 20 mwezi wa kumi 1963

Kaka Benoît,

Salamu. Uko muzima, na watu wa nyumbani wako wazima? Colette alipona. Tunachota maji kwenye kijito cha ndani ya pori, mbali, shingo inauma, lakini alipona.

Barua hii inakufikia kwa mukono wa katekista Raphaël, si kwa Paul. Kaa chini kwanza.

Paul amekufa. Wamemuua hapa sokoni Mpofi.

Maneno yako yalikuwa yametuliza watu. Papa Nestor aliita wanaume akawaambia: "Kama Leta inakuja, tungoje." Wakangoja. Jua likapita, mvua ikaanza, chumvi ikazidi, sababu munaosha mashamba yenu. Watoto wakaanza kufa. Mutoto wa Mama Adelaïde tulimuzika jioni, na asubuhi yake ilikuwa soko. Paul akatandika kitambaa chake kama kawaida, akamwaga maharagi, akaita wateja. Mama Adelaïde akaja, bado na udongo wa kaburi kwenye miguu. Akauliza: "Haya maharagi mulimwagilia na nini?" Paul hakuelewa, akacheka kidogo, akasema: "Mama, wewe taja bei yako tu." Mama Adelaïde akachukua jiwe la mizani, akamupiga nalo usoni.

Kaka, sikujua watu wanaweza kuwa vile. Wote walikuwa wanamungoja tu muntu wa kwanza. Walimupiga na mawe, na michi, na miti ya kibanda. Nilikimbia kwenda mbele nikipiga kelele kwamba Paul hana hata mufereji, yeye ni muchuuzi tu. Léopold alinishika kwa nyuma, akanifunga mudomo na mukono wake, akanivuta. Nilimuuma mpaka damu. Hakuniachia. Baadaye alisema: "Wangekuua wewe nyuma yake." Ni kweli. Lakini sijamusamehe.

Walipokwisha kwenda nilirudi. Nilimufunika Paul na kitenge changu. Kuku walikuwa wanakula maharagi.

Kaka, simenti iko wapi?

Mudogo yako,
Emérence


Kashovu, tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 1963

Emérence,

Salamu zetu kwako na kwa watoto wako. Tuko wazima kwa mwili. Paul tulimulilia, mama yake bado hali chakula. Wewe usitoke peke yako kwenda sokoni, ninakuomba.

Simenti ilifika. Kamyo, ile gari kubwa ya Leta, iliishusha mbele ya nyumba ya Faustin, sababu yeye njo kapita. Mabomba pia, na majembe. Tukamungoja Séraphin aje kutuonyesha kazi. Mbele hajafika, Faustin alikusanya vijana wake akasema simenti imekuja kwa kazi ya kijiji, na kazi ya kijiji yeye njo anaijua. Wakajenga ukuta. Si wa kupeleka maji moto shimoni, hapana. Wamefunga bonde lote pale juu, maji baridi na maji moto zimekutana ndani ya ziwa moja, na anafungulia shamba anayotaka, siku anayotaka. Ukitaka maji, unaenda kumupigia magoti. Na uchafu wote wa chumvi anausukuma kwenu kwa nguvu kuliko mbele.

Séraphin alifika wiki iliyopita. Aliuangalia ule ukuta, hakuamini. Akamuambia Faustin mbele yetu: "Hii ni simenti ya Leta. Utabomoa, ao nitaleta wanaobomoa." Faustin alimujibu kwa upole: "Kijana, umetoka mbali, kwanza upumzike." Akaingia nyumbani mwake, akafunga mulango. Njo ilikuwa alama. Vijana wake walimuangusha agronome na mipini ya majembe, yale majembe aliyotuletea yeye mwenyewe. Walimuvunja taya. Nilisikia mufupa ukilia. Alikuwa anajaribu kusema kitu na kinywa hakifungi, damu inamwagika juu ya shati yake nyeupe.

Watu walisimama. Mimi pia nilisimama, Emérence, kwa muda. Halafu mimi na Pierre, jirani yangu, tukaingia kati, tukamuinua. Walitupiga pia, lakini si sana, wanatujua. Tulimubeba kwenye machela mpaka dispansere ya misioni. Mungu akipenda ataishi.

Tuliporudi Faustin alikuwa ananingoja kwangu, amekaa kwenye kiti changu. Akasema: "Benoît, una dada huko chini. Kila muntu anajua. Ukipeleka habari ya maji yangu kwa watu wa Leta, nitasema wewe njo unawaita watu wa pori waje kutuua." Ana ile bunduki aliyoiacha muzungu. Ilikuwa juu ya magoti yake.

Ninalinda nyumba yangu. Sijui nifanye nini zaidi.

Kaka yako,
Benoît


Mpofi, tarehe 11 mwezi wa kwanza 1964

Kaka,

Sina nafasi ya salamu ndefu, Mungu akuchunge.

Wanakuja. Wiki ijayo, siku ya soko ya Kibua, ili watu wafikiri wanaume wamekwenda sokoni. Wanatoka Mpofi, wengine wanatoka Ntoto. Wanakuja kubomoa ukuta, na wamesema atakayekuwa juu ya ukuta hashuki muzima. Papa Nestor alijaribu kuwazuia. Wakamuambia: "Wewe ulituambia tungoje."

Léopold iko ndani yao.

Ninasaliti bwana yangu nikikuandikia hivi, ninajua. Sikuombi umuambie muntu. Ukimuambia Faustin, atawavizia, na Léopold atakufa kwa mukono wangu. Ninakuomba kitu kimoja tu: usiwe pale. Chukua Céline na watoto, pandeni kwa mujomba, mukae mpaka ipite.

Usiwe pale, kaka.

Emérence


Mpofi, tarehe 16 mwezi wa pili 1964

Kaka Benoît,

Ninakusalimia bila kujua kama kuna muntu wa kupokea salamu. Uko muzima? Céline iko muzima?

Wanaume walirudi nusu. Wengine wamebebwa. Léopold hakurudi. Nimeuliza kila mumoja. Mumoja anasema alimuona anakimbia kuelekea mianzi. Mwingine anasema hapana, bunduki ilipolia wote walikimbia isipokuwa yeye. Mwingine ananiangalia tu halafu anaondoka.

Halafu maaskari walikuja. Walisema Mpofi imeshambulia kazi ya Leta. Kazi ya Leta! Walipiga wanaume kwa mukanda barabarani, wamelazwa kifudifudi, hata Papa Nestor na muvi zake kichwani. Walichoma nyumba za upande wa chini, na yangu. Walichukua mbuzi. Wamama waliokimbilia pori hawajarudi wote, na waliorudi, sitaandika walichofanyiwa.

Tunalala kwa Papa Nestor. Mugongo wake hauponi.

Andika hata neno moja.

Mudogo yako,
Emérence


Mpofi, tarehe 22 mwezi wa tatu 1964

Benoît,

Watu wanasema Léopold alionekana ameinama juu ya muntu wa Kashovu, na kwamba yule muntu ulikuwa wewe. Wanasema wewe njo ulimushika mpaka wenzako wakafika kumumaliza. Wanasema mimi nilikuita uje kuwavizia.

Kama umekufa, Mungu akupumzishe. Kama uko muzima na unanyamaza, basi nimeelewa.

Emérence


Kashovu, tarehe 10 mwezi wa tano 1964

Emérence mudogo yangu,

Nitakusalimia kama watu wanavyosalimiana, ingawa sijui kama utapokea. Mimi niko muzima. Usishangae herufi zinazoyumba hivi: ninaandika na mukono wa kushoto. Ule mwingine haupo tena. Barua zako mbili zilinifikia siku moja, juzi, katekista alipoweza kupita. Nilikuwa na homa muda murefu, na mbele ya hapo sikujua hata jina langu.

Léopold amekufa. Nitakuambia namna ilivyokuwa yote, sababu ni mimi tu niliyekuwa pale mpaka mwisho.

Barua yako ya onyo nilikaa nayo. Nikimuambia Faustin, atawavizia na bunduki. Nikikimbia, watu watauana na mimi niko mulimani ninasikiliza. Nikawaza: wanakuja sababu ya ukuta. Kama ukuta haupo, watapigania nini? Nikamuita Pierre na majirani wengine waliochoka na Faustin. Sikuwaambia nani anakuja, niliwaambia tu tubomoe. Céline alinishika nguo: "Unaenda kufa juu ya simenti." Tulitaka kumaliza siku moja mbele ya soko, lakini mvua ilipiga kutwa nzima. Njo tukaanza asubuhi ya soko yenyewe, walinzi wa Faustin walipokuwa wameshuka kula.

Tulipiga na vyuma. Tundu lilifunguka katikati, maji ikaanza kuruka, tukashangilia kama watoto. Maji ilikuwa inanguruma, hatukusikia kitu kingine. Pierre alikuwa pembeni yangu. Niligeuka kumuambia kitu, nikaona mukuki umetokea upande mwingine wa shingo yake. Aliushika na mikono miwili, ameshangaa, akakaa chini polepole.

Nilipiga kelele: "Tunabomoa! Sisi pia tunabomoa!" Nani atasikia? Waliona watu wa Kashovu juu ya ukuta wa Kashovu, vyuma mukononi. Majirani zangu wakaruka majini, wengine wakakatwa walipokuwa wanaruka. Muntu alikuja mbio kwangu. Niliinua mukono kujikinga. Mupanga uliingia juu ya kiwiko, mukono ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Nikaanguka. Akasimama juu yangu, akainua mupanga tena, akaniangalia usoni. Alikuwa Léopold.

Akasema: "Benoît?"

Nikasema: "Ni mimi, shemeji."

"Emérence alikuandikia. Nilimuona anaandika, nikanyamaza ili barua ifike. Juu ya nini hukukimbia?"

Emérence, alijua. Alijua na akakuacha. Nilitaka usikie hilo.

Nikamuonyesha chuma yangu, na lile tundu ndani ya ukuta. Akaliangalia. Sijawahi kuona uso wa muntu ukibadilika vile. Akatupa mupanga majini.

Wakati ule ule bunduki ikalia. Faustin na watu wake walikuwa wanapanda. Wenzake Léopold wakaanza kukimbia, wakamuita kwa jina. Yeye alikuwa amepiga magoti, amevua shati, analipasua na meno. Nikamuambia: "Kimbia, wewe." Akasema: "Damu inatoka mingi. Tulia." Nikamusukuma na mukono wangu muzima. Akaukalia huo mukono ili nisimusumbue, akaendelea kufunga. Alifunga kama muntu anayefunga munyama wa kubeba safari ndefu, alizungusha, alikaza, akazungusha tena. Niliona watu wa Faustin nyuma yake wanakuja. Nilisema: "Léopold, wamefika." Akauachia mukono wangu, akasema: "Shika hili fundo. Usiliachie."

Nikalishika. Jembe likaingia mugongoni mwake. Aliniangukia juu, pumzi yake ikawa shingoni mwangu. Nilipiga kelele kwamba ni shemeji yangu, ananifunga, ananiponyesha. Mumoja akajibu: "Basi mutazikwa pamoja." Wakamupiga tena na tena, na mimi chini yake. Kila pigo nililisikia kupitia mwili wake. Njo ukuta ukakatika. Sehemu yote ya katikati iliondoka na maji, ikachukua watu wawili wa Faustin. Mimi na Léopold ilitutupa kando, kwenye matete. Hakuwa na pumzi tena. Fundo nilikuwa bado ninalishika.

Céline alitukuta pale. Kule dispansere walimalizia kukata mukono. Daktari aliuliza nani alifunga, akasema bila hilo fundo ningekufa mbele jua halijafika juu.

Léopold alizikwa kwetu, pembeni ya baba. Céline alimuosha yeye mwenyewe. Katekista aliomba. Hakutupwa, Emérence. Hakulala chini bila kuzikwa hata siku moja.

Faustin alikamatwa. Séraphin alirudi na maaskari na taya yake imepinda, anasema maneno kwa shida. Alieleza wakubwa nani alijenga ule ukuta na simenti ya nani. Sasa Leta imeleta mabomba mengine, na watu wanapeleka maji moto shimoni kama ilivyokuwa imesemwa tangu mwanzo. Sijui kama ni haki kukuandikia habari ya mabomba ndani ya barua hii. Ninakuandikia sababu wamekufa juu ya hiyo.

Mukono niliyokatwa simudai Léopold. Kama watu wako wanadai damu yake, mimi niko Kashovu. Sitoki.

Kaka yako,
Benoît


Mpofi, tarehe 14 mwezi wa sita 1964

Kaka yangu Benoît,

Salamu kwako, kwa Céline aliyemuosha bwana yangu, na kwa watoto. Sisi tuko wazima. Papa Nestor anatembea tena, na fimbo. Ninakuuliza kama kidonda kimekauka, na unijibu kweli, usijifanye mwanaume.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza, porini, ili nilie bila kushikwa. Halafu niliwaita watu.

Ilinibidi. Tangu mwezi wa pili nilikuwa ninaishi hapa kama muntu aliyekwisha kuhukumiwa. Mudogo ya Léopold alinitemea mate mbele ya watoto wangu. Walinikataza kuvaa nguo za kilio. Basi nilisimama katikati ya kiwanja nikasema: "Nilimuandikia kaka yangu kwamba munakuja. Ni mimi. Sasa musikilize, halafu munifanyie munachotaka." Nikasoma. Kwenye lile neno la Pierre na mukuki, muntu mumoja aliinuka akaondoka. Tunajua sasa ni nani, na yeye anajua tunajua.

Nilipofika mahali pa fundo, mudogo ya Léopold alipiga kelele: "Uongo! Ameandika hivyo ajiokoe!" Akanirukia, akanipiga ngumi sikioni, barua ikaanguka. Papa Nestor akamuzuia na fimbo. Akasema: "Okota. Soma tena pale."

Nikasoma tena pale.

"Alifunga na nini?"

"Na shati lake, Papa."

"Aliukalia mukono wa yule mwingine?"

"Ndiyo. Ili asimusumbue."

Muzee akasema: "Njo namna nilimufundisha. Munyama akiumia na bado unamuhitaji muzima, unamukalia, halafu unafunga. Hakuna muntu wa Kashovu angejua kuandika hilo." Akalia. Sikuwa nimemuona akilia, hata maaskari walipomupiga. Mama Adelaïde akaja kukaa karibu yangu chini. Alikaa mpaka jioni.

Sasa sikia yangu mimi. Nilikuambia usiwe pale. Ungenisikia, ningekuwa na bwana. Ukuta ungebaki ao wangeubomoa wao, wangekufa wengine, sijali, mimi ningekuwa na bwana. Hasira hiyo ninayo, nitakuambia usoni na hutanikatiza. Na tena, kila siku ninashukuru kwamba uko muzima. Yote mawili yako ndani yangu pamoja, nimeshindwa kuyatenganisha.

Tunakuja. Papa Nestor anataka kumurudisha mutoto wake nyumbani, alale kwenye udongo wa watu wake. Mwami, chifu wetu mukubwa, amekubali, na Leta imetupa ruhusa ya njia. Watu wachache tu, bila mikuki. Mudogo ya Léopold anakuja pia, baba yake amemulazimisha. Tutatoka hapa nyuma ya misa ya Mutakatifu Petro.

Usimutume Céline kutupokea, wala katekista. Simama barabarani wewe mwenyewe, watu wakuone.

Papa Nestor amesema kaburi litachimbuliwa na yeye na wewe, muntu mwingine asiguse. Nikamuambia: "Papa, una mugongo mubaya, na Benoît ana mukono mumoja." Akasema: "Kwani ni mashindano? Tutaenda polepole."

Utayarishe jembe mbili.

Mudogo yako,
Emérence